Maua ya Mpakani

Naibu wa chifu alipopiga simu, Gentrix alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia katika malisho ya Shinyalu, kidole kwenye kamera, akingoja upepo utulie. Mbele yake palikuwa na ua la zambarau lisilozidi urefu wa kiganja. Alikuwa amelivizia tangu jua lichomoze. Simu ikalia, ng'ombe aliyekuwa karibu akashtuka, akapita papo hapo na kulikanyaga ua. Gentrix akatoa maneno ambayo mwanakwaya hapaswi hata kuyajua, kisha akapokea.

"Wewe ndiye Mama Maua?" sauti ikauliza. "Mimi ni Beverlyne, naibu wa chifu huku Lurambi. Nasikia uko na picha za mpaka wa marehemu Osiako na ndugu yake. Za miaka yote."

"Ziko. Tangu 2016."

"Basi ulete Ijumaa saa nne, hapo shambani kwenyewe. Hawa watu wataumizana. Kila mmoja ako na maneno yake na wazee wenye walijua hiyo mambo walishakufa. Lakini picha ni picha."

Tuseme ukweli tu: Gentrix alifurahi. Ua lilikuwa limepondeka, suruali imelowa umande hadi magotini, lakini alirudi Khayega kifua mbele. Miaka kumi watu walikuwa wamemcheka. Alikuwa na studio ndogo pale sokoni, ya picha za vitambulisho, harusi na mazishi, na angeweza kuishi vizuri kama angekaa ndani yake. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha alifunga mlango, akabandika karatasi iliyoandikwa "Nimefuata maua", na wateja wakabaki wanatazamana. Machi na Aprili alikuwa Lurambi kwa maua mekundu. Mei alikuwa kwenye malisho ya kando ya msitu. Agosti alipanda boda hadi Chekalini, huko maua ya manjano yanakojaa kingoni mwa mashamba ya mahindi. Mwisho wa mwaka alitoa kalenda, na waliomcheka ndio waliokuwa wa kwanza kuja kuiomba.

Mpaka huo wa Lurambi ulikuwa kitu cha pekee. Mzee Lazarus, alipowagawia shamba wanawe wawili, Willis na Osiako, hakupanda mkonge wala miti kama watu wengine. Katika maisha yake alikuwa ameona miti ikitembea: mwaka huu iko hapa, mwaka ujao imevuka hatua tano kwa jirani. Basi akachimba mtaro kutoka barabarani hadi mtoni, akazika humo maua mekundu yale ambayo mzizi wake ni kama kitunguu. Kiangazi hayaonekani kabisa. Mvua ya kwanza ikinyesha yanachomoza yote kwa pamoja, kila moja kubwa kama kichwa cha mtoto, na mpaka unaonekana kutoka mbali, mwekundu, kwa wiki mbili tatu. Mwenye nia ya kuiba ardhi hajui hata achimbe wapi. Kila mwaka, asubuhi ya kwanza ya maua, mzee aliwaita wanawe wakaufuata mstari huo kwa miguu, mmoja upande huu, mwingine upande ule, kisha wakanywa chai.

Mzee alifariki mwaka wa 2015 na matembezi hayo yakafa naye. Willis alikuwa amehamia Chekalini siku nyingi, akilima mahindi, na upande wake wa Lurambi ukaachiwa nyasi. Osiako akabaki na mkewe Risper, ambaye watu humwita Mama Ashley kwa jina la binti yake. Ni Risper aliyemfungulia Gentrix lango mara ya kwanza, na kila msimu alimletea chai na viazi vitamu pale chini alipolala na kamera yake, akimtania kwamba anaabudu maua. Picha bora kuliko zote alizowahi kupiga Gentrix ilitoka hapo. Mstari mwekundu unatoka karibu na mtazamaji, unajipinda taratibu kwenye nyasi, unapotelea kwenye ukungu wa mtoni. Kalenda ya mwaka 2019 ilikuwa na picha hiyo, na watu wengi hawakuwahi kuibandua ukutani hata mwaka ulipokwisha.

Ugomvi wenyewe ulianza Januari mwaka huu. Osiako alikuwa amefariki miaka minne kabla, mwezi wa Februari, Willis akiwa hospitalini Eldoret na mguu uliovunjika, kwa hiyo hakumzika ndugu yake. Sasa aliporudi Lurambi na trekta ili apande miwa, alisimama mbele ya kaburi akapiga kelele. Kaburi, alisema, liko ndani ya shamba lake. Trekta ikalima kulizunguka na kuvipindua vitunguu vya maua vyote, hivi kwamba mvua ya Machi ilipokuja, maua yakaota ovyo ovyo katikati ya miwa, na mstari haukuwepo tena. Risper alisema shemeji yake ana wazimu. Kijiji kizima kilikuwa upande wa Risper. Willis ana mdomo mchafu, na mtu mwenye mdomo mchafu hata akisema jua limechomoza watu wanatoka nje kuhakikisha.

Jumatano Gentrix akakaa kwenye kompyuta yake studioni, akaanza kuchapisha. Picha za 2025, ovyo ovyo. Za 2024, mstari. Za 2023, mstari. Alikuwa akiimba. Akateremka mwaka mmoja mmoja, karatasi zikitoka zikiwa na joto, hadi akafika 2017.

Akaacha kuimba.

Katika picha ya 2017 mstari haukujipinda. Ulikwenda moja kwa moja, ukipita mguuni kabisa mwa mti wa lusiola ulioko hadi leo, na nyuma ya mti palikuwa na choo cha mabati, kimeinama, mlango wake wa gunia ukipepea. Ya 2016 ilikuwa vivyo hivyo. Kuanzia 2018, kati ya mti na maua palikuwa na nafasi ambayo ng'ombe angeweza kugeuka.

Alikumbuka yote, na jambo baya zaidi ni kwamba hakuwa amesahau kweli. Alikuwa tu ameacha kuyawaza.

Choo kile kilikuwa kimemharibia misimu miwili. Apige kutoka juu, kipo. Apige akiwa amelala, kipo. Sasa asubuhi moja ya Aprili 2018, ukungu mzuri, mwanga mzuri, akaona kwamba kama mstari ungejipinda kidogo tu kwenda kwenye nyasi, naye angesogea nao, mti ungekifunika choo na picha ingekamilika. Upande wa pili, wa Willis, ulikuwa nyasi tupu, hapakuwa na mtu. Akachukua panga alilokuwa akisafishia njia, akang'oa vitunguu kumi na vitatu, kila kimoja na udongo wake, akavihamisha hatua sita. Alikusudia kuvirudisha. Mvua ikaanza, akahofia kamera, akaondoka. Mwaka uliofuata vilikuwa vimezaliana, mstari umejaa, na hakuna aliyesema neno. Alijiambia kwamba maua ni maua.

Halafu kaburi. Osiako alizikwa kiangazi, wakati hakuna hata jani la kuonyesha mpaka. Gentrix alikuwa hapo siku hiyo, ameitwa kupiga picha za mazishi, na mchimbaji mmoja alimpongeza: "Mama Maua, kalenda yako imetusaidia. Tumeangalia hapo tukajua tuchimbe wapi." Gentrix alitabasamu. Kitu kilimchoma ndani, akakipuuza, akaenda kumpiga picha mchungaji.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa Risper. Alimkuta mbele ya jiko akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Leo huna kamera? Basi kuna mambo."

Gentrix hakuketi. Alimwambia kila kitu kwa mara moja, haraka haraka, choo, panga, hatua sita, na alipomaliza alikuwa akilia. Risper aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe dogo kwenye maharagwe akalitupa kwa kuku, kuku akalidonoa akaliacha.

"Najua," Risper akasema. "Nilikuona."

"Uliniona ukiwa wapi?"

"Nilikuwa ndani ya hicho choo chenye ulikuwa unachukia." Hakucheka. "Bati ilikuwa na matundu. Nilikuona unachimba, nikasema, huyu msichana anafanya nini? Nikaona unapanda kule kwa Willis."

"Na hukusema!"

"Nilijua utarudisha. Hukurudisha. Mwaka wa pili nikaona pale panakaa vizuri, na Willis hakuwanga hata anakuja kusalimia. Nikanyamaza. Wewe ulinyamaza, mimi nikanyamaza. Tukakuwa tunakunywa chai."

Gentrix akaketi chini sasa, kwenye udongo, bila kutafuta kiti.

"Na kaburi, mama? Ulitoa kalenda ukutani ukijua?"

Risper akaweka ungo kando. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Upande wetu wote wa chini ni maji, Gentrix. Na huku juu ni nyumba na mawe. Mama mkwe tulimzika hapo chini. Walichimba vizuri jioni, asubuhi shimo limejaa. Wakatoa maji na ndoo, wakashusha sanduku, likaelea. Wanaume walilikanyaga na miguu ndio lizame. Nilisikia vile lilikuwa linagonga ukuta wa shimo. Osiako alikuwa amesimama karibu na mimi, akanishika mkono, akaniambia, 'Mimi usiniweke kwa maji.' Hiyo ndiyo kitu pekee aliniombanga maisha yake yote. Pale kwa lusiola ni pakavu. Ningefanya nini?"

"Ungemwomba Willis."

"Willis alikuwa hospitali, na walikuwa hawajaongea miaka mitatu. Na wafu hawangoji." Akamtazama usoni. "Sasa sikia. Willis aliapa mbele ya naibu wa chifu. Alisema, kama ndugu yangu alizikwa hapa kwa makosa, tutaongea. Lakini kama mtu alijua akamweka hapa makusudi, hiyo ni wizi, na nitamfukua nimrudishe kwake. Kwake ni wapi? Ni kwa maji. Unaelewa? Kesho peleka hizo picha za juzi. Hizo mbili za zamani, choma."

Gentrix alisema ataona. Ni jibu la mtu anayetaka kuondoka, na Risper alilijua, kwa hiyo akamshika mkono na kumsindikiza hadi langoni.

Ijumaa saa nne watu walikuwa wamejaa kando ya miwa. Beverlyne alikuwa amevaa sare yake ya kaki na kofia, ameketi kwenye kiti cha plastiki kilichozama mguu mmoja. Willis alisimama na fimbo, amekonda, koti lake limekuwa kubwa kuliko yeye. Risper alisimama karibu na kaburi. Gentrix alikuwa na bahasha mbili mkobani. Alikuwa ameamua, na uamuzi wake ulikuwa kunyamaza. Kuna wazee wasio na miwa ya kutosha na kuna wajane wenye makaburi, alijiambia, na mtu akilazimika kuchagua, achague makaburi. Akatoa bahasha moja.

Beverlyne akazipanga picha juu ya magoti yake kwa mwaka. Akautazama mti, akazitazama picha, akautazama mti tena. Watu walisogea. Mtu wa nyuma akaanza kucheka.

"Mzee Willis," Beverlyne akasema, "njoo uone mwenyewe. Mpaka uko kule. Kaburi liko huku. Miaka yote iko hivyo."

"Si tulisema!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Mzee mzima, unapigania kaburi!"

Willis akachukua picha. Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Kila mtu alingoja matusi, na kwa kweli wengine walikuwa wamekuja kwa ajili ya matusi hayo. Hayakuja.

"Lakini tulipitanga hapa," akasema polepole. "Mimi na baba na Osiako. Nilikuwa nashikanga huu mti nikipita. Kila mwaka. Nilikuwa naushika hivi." Akaugusa mti kwa kiganja. Akaitazama picha tena. "Basi ni kichwa yangu. Kama hata hii nimesahau, sijui ni nini ingine nimesahau. Pengine hata baba mwenyewe simkumbuki vizuri."

Akaanza kulia pale mbele ya watu, bila kujifunika, kama wanavyolia wanaume ambao hawajazoea.

Gentrix hakulivumilia hilo. Mchoyo wa ardhi angemvumilia. Lakini mtu kuambiwa kwamba hakupita na baba yake mahali alipopita, na kuambiwa hivyo na picha aliyoipiga yeye kwa sababu ya choo, hilo lilimshinda. Kabla hajafikiri alikuwa ameshatoa bahasha ya pili.

"Mzee hajasahau," akasema. "Mzee yuko sawa. Ni mimi."

Alieleza. Alionyesha picha mbili za zamani, mstari ukigusa mti. Alionyesha kwa miguu yake hatua sita. Alipotaja choo, mtu alicheka tena, kisha kelele zikalipuka. Walimwita mwongo, wakamwita mchawi wa maua, mwanamke mmoja aliyekuwa na kalenda yake nyumbani akasema ataichoma leo hii. Beverlyne alipiga makofi mara nyingi hadi wakatulia. Gentrix alisimama akizipokea zote, na haikuwa ngumu kama alivyodhani. Ngumu ilikuwa kutomtazama Risper.

Willis alikuwa amejifuta uso. Alimjia akiegemea fimbo, akasimama karibu sana.

"Binti, nakuuliza kitu moja," akasema. "Hiyo siku unahamisha. Kulikuwa na mtu alikuona?"

Gentrix alisikia miwa ikisuguana. Pembeni ya jicho lake aliona gauni la Risper, la bluu, halitikisiki.

Alikuwa amekuja kunyamaza, akasema kweli. Sasa alikuwa ndani ya hiyo kweli hadi shingoni, na palibaki neno moja tu la mwisho, na neno hilo lilikuwa na sanduku ndani yake, na maji.

"Hakuna," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

"Osiako hakuwako?"

"Alikuwa ameenda kazini."

"Na shemeji?"

"Hata yeye hakujua. Alinipa chai tu."

Willis akatikisa kichwa kukubali. Akageuka, akachechemea hadi kaburini, akamwinamia Risper.

"Shemeji, nisamehe. Nilikuita mwizi mbele ya watu. Kumbe na wewe ulidanganywa kama mimi." Akamgeukia naibu wa chifu. "Andika hivi: mpaka urudi kwa mti, vile baba aliweka. Lakini hii pahali ya kaburi, na njia ya kufika hapo, nimempa ndugu yangu. Alizikwa kwa makosa, hakuna mtu atamgusa. Miwa nitakata mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Wengine walisema amina. Beverlyne akaandika, kiti chake kikazidi kuzama. Willis akamshika Risper mkono na hakuuachia. Kwa mkono wa pili, ule wenye fimbo, akamwonyesha Gentrix.

"Na huyu," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "msimtusi. Amenitesa, ndiyo. Lakini angeweza kunyamaza na hakuna mtu angejua. Nani hapa angesema kama yeye? Tukipanda maua tena, yeye ndiye atatuonyesha pahali. Mimi neno lake nitaamini mpaka nife."

"Asante, mzee," Gentrix akasema.

Risper hakumtazama. Alikuwa bado ameshikwa mkono na shemeji yake, na machozi yalimtoka mengi kuliko ya siku ya mazishi. Watu walisema ni ya furaha. Gentrix peke yake ndiye aliyejua si ya furaha, na kuanzia siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwambia.